Jaribio linapita hata programu ikianguka

Mdogo wangu wa Moshi, unasema programu yako ya kujumlisha kilo za kahawa inaanguka ikipewa faili tupu, ila jaribio linapita. Mchawi ni mstari huu wa kwenye fankisheni ya jaribio lako la Bash:

local jibu=$(./kahawa tupu.csv)

Hapo $?, yaani namba ya hali ya amri iliyomalizika mwisho (0 ni kufaulu), inakupa hali ya local yenyewe, amri ya kutangaza kigeu cha ndani ya fankisheni, yaani 0, siyo ya programu. Tenganisha:

local jibu hali
jibu=$(./kahawa tupu.csv)
hali=$?

Usiweke hata echo kati ya mistari miwili ya mwisho, namba ya hali itapotea. Ujumbe wa makosa upeleke faili lake kwa 2>. Kulinganisha matokeo na yale uliyotarajia, diff -u, inayoonyesha tofauti za mafaili mawili, inatosha. Grep kumi mfululizo za kutafuta neno moja moja mimi sizipendi. Halafu $(...) hukata mistari mitupu ya mwisho, kwa hiyo kama unaijali, andika matokeo kwenye faili ndani ya folda ya muda inayotengenezwa na mktemp -d, na trap ya EXIT, amri inayotekelezwa skripti ikiisha, iifute folda hiyo.