Nyumba inauzwa, mtoto anatambaa

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunauza nyumba yetu ya Tanga tuhamie Dodoma. Mwanangu ana miezi minane, anatambaa. Fundi anataka kukwangua rangi ya zamani nasi tumo ndani, na dalali analeta wateja saa saba mchana, mtoto kalala. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi asikwangue mkiwemo! Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Mpeleke kwa bibi yake mpaka sakafu ipigwe deki. Kufagia kunalitimua tu. Dalali mpangie saa kumi, apige simu kwanza. Nepi kwenye kamba zisikutie aibu, mnunuzi anatazama nyufa na hati. Na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako.