Dogo wa kidato cha pili, toka kwenye hayo madawati ya nyuma

Acha kabisa. Umeandika kwamba mwalimu wa hesabu haeleweki, wewe na washkaji mmehamia nyuma, na sasa unatafuta tuisheni nzuri Mbagala na bei yake. Hayo madawati nimeyakalia mimi.

Mimi alinidanganya kaka mmoja wa mtaani kwetu Temeke. Alituambia shuleni nendeni mkaitwe majina tu, hesabu mtazielewa tuisheni. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anapewa chochote kwa kila kichwa alichopeleka pale. Mpaka leo roho inaniuma. Mtu mzima, anacheza na maisha ya watoto!

Basi tukawa genge la watu sita. Mwenzetu akinyoosha mkono akajikwaa kwenye Kiingereza, tunamzomea. Kuna binti alikuwa anauliza kila kipindi. Siku moja alikosea kitenzi kimoja, tukaligeuza lile kosa kuwa jina lake. Hakuuliza tena mpaka tunamaliza shule. Mwalimu akisema "mmeelewa?", darasa kimya, anafuta ubao anaendelea. Angefanyaje? Wa kumwambia hatujaelewa tulishamfunga mdomo.

Sasa sikia. Siku ya logarithimu aliandika ubaoni log 2 ni 0.3010, chini yake log 20 ni 1.3010. Sikuelewa ile 1 imetoka wapi. Ni hilo tu. Mkono ukafika usawa wa bega, nikaurudisha nikajikuna shingo, maana genge langu nalijua. Jibu lake halimalizi dakika: 20 ni 10 mara 2, log ya 10 ni 1, na namba zikizidishwa log zake unajumlisha, 1 na 0.3010. Lakini kuanzia pale kila alichoandika kilikuwa kinapita juu ya kichwa changu.

Tuisheni nilikwenda, nikalipa. Kibanda cha mabati, tumebanana kwenye mabenchi, mtu anakimbiza maswali ya mitihani iliyopita. Kule nako sikuuliza. Mdomo ulishazoea kufungwa. Kidato cha nne nikapata F ya hesabu, na kozi niliyoitaka ilidai ufaulu wa hesabu. Nimerisiti mara mbili. Ile 1 nilielezwa nikiwa narisiti mara ya pili, na aliyenieleza ni kijana niliyemzidi miaka minne.

Kwa hiyo shika hili: kila kipindi cha hesabu uliza swali moja. Kiingereza kikikwama uliza kwa Kiswahili, au mfuate mwalimu mlangoni kengele ikigonga. Na mwenzako akiuliza, usithubutu kucheka, hilo swali anakuulizia na wewe. Huyo mwalimu unayesema haeleweki, umewahi kumwuliza kitu hata mara moja?

Kesho kaa benchi la mbele. Ukirudi nyumbani njoo hapahapa utuandikie umeuliza nini na amekujibu nini.