Maswali Yenu: Picha ya harusi ya babu, duka limegoma kuikopi

SWALI: Shikamoo anko. Nina picha moja tu ya harusi ya babu na bibi, ya kupigwa studio, nyuma ina mhuri na namba imeandikwa kwa penseli. Nimeipeleka duka la kuprinti nikataka kopi sita za ndugu, jamaa akaigeuza, akasoma mhuri, akaniambia hafanyi mpaka nilete barua ya mpigapicha. Anko, walio kwenye picha ni babu na bibi yangu, hela alitoa babu mwenyewe, sasa barua ya nini? Na huyo mpigapicha sijui hata kama yuko hai. – Mjukuu

JIBU: Marahaba mjukuu. Huyo jamaa wa duka usimnunie, yeye analipwa kwa kunakili, kwa hiyo ikitokea mtu kudai wa kwanza kubanwa ni yeye na sio wewe, ndo maana maduka mengi yakiona mhuri wa studio yanagoma.

Kinachochanganya ni kwamba hapo mkononi una vitu viwili. Kuna karatasi, hiyo ni yenu, muitundike, muiuze, muichane mkigombana, hakuna wa kuwauliza. Halafu kuna haki ya kutoa nakala, na hiyo kwa kawaida ni ya aliyeipiga, au ya studio kama alikuwa mwajiriwa tu, na mwenyewe akifa inarithiwa kama shamba linavyorithiwa. Wala hakutakiwa kuisajili popote, kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki inazaliwa yenyewe picha ikishapigwa. Kuonekana kwenye picha hakukupi hakimiliki, samahani kwa bibi.

Ila hapo kwenye "hela alitoa babu" umegusa penyewe, maana sheria za nchi hazifanani kabisa. Uingereza, kwa picha za kuagiza na kulipia zilizopigwa miaka ya hamsini mpaka kabla ya tarehe 1 Agosti 1989, haki ilienda kwa mteja aliyelipa kama hawakukubaliana vingine, baada ya hapo ikawa ya mpigapicha. Kanada nao walikuwa na kanuni ya namna hiyo mpaka 2012 wakaifuta, Australia mpaka leo picha ya kifamilia uliyoiagiza na kuilipia ni yako isipokuwa mkataba useme tofauti. Marekani, kwa picha zilizopigwa tangu 1978, ni kinyume, mpigapicha wa kujitegemea anabaki na haki yake hata kama umemlipa mpaka senti ya mwisho, labda awe ameiandika kwa maandishi kwamba anakupa. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu, jua kwanza picha ilipigwa nchi gani na mwaka gani.

Halafu muda. Watu wanapenda kusema "hiyo ya zamani hiyo haina mwenyewe", jamani, nchi nyingi haziangalii umri wa picha, zinahesabu kuanzia kifo cha mpigapicha, miaka 50 au 70 juu yake. Chukua kijana kapiga picha 1955 halafu kafariki 2005, kwa nchi ya miaka 70 haki inaisha mwisho wa 2075, hapo wewe mwenyewe utakuwa babu. Marekani picha ambayo haijawahi kuchapishwa na aliyeipiga hajulikani inalindwa miaka 120 tangu ipigwe, yaani ya mwaka 1920 inaendelea kulindwa mpaka 2040 iishe. Kenya wao ni miaka 50 tangu picha itengenezwe, au itolewe kwa umma, au ichapishwe, wanachukua ile ya mwisho.

Sasa ufanyeje. Geuza picha uisome vizuri. Jina la Kodak, Agfa au Ilford lililorudiwarudiwa kwa mshazari huko nyuma ni la kampuni iliyotengeneza karatasi, sio mpigapicha, nawaambia kwa sababu kuna watu wanataka kuwaandikia Kodak barua. Unachotafuta ni mhuri wa studio, au jina lililobonyezwa pembeni kwenye kona, na hiyo namba ya penseli mara nyingi ni namba ya negativu, ile filamu picha ilikosafishwa, kwenye makabati yao, kwa hiyo usiifute. Studio ikifungwa haimaanishi haki imekufa, uliza wazee, uliza wapigapicha wa siku nyingi nani alirithi vitu vya mwenye studio. Ukimpata mtoto wake mwandikie meseji fupi ya kueleweka: picha ipi, kopi ngapi, za nani, na kwamba huuzi. Akijibu sawa, iprinti hiyo meseji umpelekee jamaa wa duka. Na muulize kama negativu bado zipo, kopi iliyotoka kwenye negativu inaipita mbali ya kunakili karatasi iliyofubaa.

Usipompata kabisa, andika ulipotafuta na lini. Uingereza tangu 2014 unaweza kuomba leseni serikalini kwa kazi ambayo mwenyewe hajulikani au hapatikani, sehemu nyingi hakuna kitu kama hicho. Mimi kwa maoni yangu kopi sita za ndugu hazimkoseshi mtu usingizi, ingawa kwa sheria kali bado ni nakala. Lakini ukitaka kuiweka kwenye kitabu cha kuuza, kalenda au tangazo, hapo bila ruhusa usiguse.

Na wakati unaskani, tumia skana ya kulaza picha juu ya kioo, ile ya kuvuta karatasi inazimeza picha za zamani zilizojikunja. Weka nukta 600 kwa inchi, na skani upande wa nyuma pia. Kama picha imegandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige hivyohivyo.

SWALI: Anko, marehemu mjomba ndo alikuwa anapiga picha zote za ukoo, na negativu zote ninazo mimi kwenye boksi. Si ni zangu basi? – Mtunza boksi

JIBU: Boksi ndio, haki hapana. Negativu ni kitu cha kushika tu kama karatasi, haki ya mjomba imeenda kwa warithi wake, na kama ana watoto kuna uwezekano mkubwa ni wao na sio wewe mpwa. Habari njema ni kwamba hao unawajua na namba zao unazo. Andika karatasi moja kwamba ndugu wote wa ukoo wanaruhusiwa kunakili kwa matumizi yao, na ya biashara muulizane kwanza, kila mrithi asaini, hata aliye mbali apige sahihi yake picha akutumie. Fanya sasa hivi wakiwa wachache, wakishaingia wajukuu utasaka sahihi mpaka uchoke.