Mdomo wa samaki kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema umeweka kando dola 600, umeangalia kwenye simu zile video za Wamarekani wanaovua samaki wanaoitwa bass, na sasa unauliza: boti ya mbao, ya plastiki, au ile ya kupuliza? Nitajibu. Ila niambie kwanza unataka kuvua samaki gani, maana hilo hukuliandika hata mara moja.

Umekulia chini ya meza yangu ya ndoano pale Kadutu, hapa Bukavu, unajua ninachomwambia kila mteja: mdomo wa samaki kwanza. Mdomo ndio unaochagua ndoano, ndoano inachagua uzi, uzi unachagua fimbo, na mtumbwi unakuja mwisho kuvibeba vyote pamoja na mwenyewe. Anayeanza na mtumbwi amenunua kiti cha kukalia majini.

Bass ana mdomo mpana, ngumi ya mtoto inaingia. Ni mwindaji, anameza samaki wadogo, vyura, chochote kinachotikisika. Ndiyo maana wale watu wanamtupia visamaki vya plastiki vyenye rangi kali, kwa ndoano ya 3/0 na uzi wa kubeba kilo 6 au 7, wanavuta, wanaacha, wanavuta tena. Ziwa letu la Kivu halina bass. Wako Naivasha, Kenya, walipelekwa na wazungu wakati wa ukoloni. Hapa kwetu fimbo itakupa tilapia na kambale. Sambaza, wale dagaa wetu, ni kazi ya nyavu na taa usiku, na wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla hata mimi sijazaliwa. Tilapia anakula ute wa kijani unaoota kwenye mawe, na mdomo wake ni mdogo. Ukimtupia kisamaki cha plastiki atakiangalia kama anavyoangalia kandambili inayoelea.

Kwa tilapia, ndoano namba 8 au 10. Kumbuka namba zinavyodanganya: ikikua bila ile /0 pembeni, ndoano inapungua, ikiwa na /0 pembeni, 1/0, 2/0, 3/0, ndoano inakua. Wateja wangu nusu wanarudi kwa kosa hilo. Uzi wa milimita 0.25 unatosha, mzito zaidi ya hapo anauona, maji ya Kivu ni maangavu. Chambo ni mnyoo mwekundu, au bugali uliokandwa hadi ukawa mgumu kama udongo wa mfinyanzi. Ukiwa laini unayeyuka kabla haujafika chini. Kwa kambale badilisha kila kitu: ndoano 2/0, uzi wa 0.45, utumbo wa kuku au sambaza aliyeanza kunuka, na chambo kilale chini kabisa. Usimshike kambale ubavuni. Ile miiba miwili ya mapezi ya mbele inaingia kiganjani hadi mfupa. Mshike kwa nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya miiba, au mfunike kwa gunia.

Kilindi kisikutishe wala kisikutamanishe. Ziwa letu linashuka karibu mita 480, lakini kuanzia mita 60 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, hakuna samaki. Tilapia utampata kwenye mita 2 hadi 8, karibu na mawe na matete. Kwa hiyo huhitaji uzi wa mita 200 wala mashine kubwa ya kukunjia. Fimbo ya mwanzi ya mita 4, uzi wenye urefu uleule wa fimbo, boya, risasi ndogo, basi. Ukitaka lazima ile fimbo ya kuvuta kama antena, yenye muline, mashine ya kukunjia uzi, chukua pamba kidogo uipitishe ndani ya kila pete kabla hujalipa. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata uzi wako kama msumeno siku samaki mkubwa atakapovuta. Na usichukue ya kaboni. Kaboni inapitisha umeme, nawe unajua radi ya Kivu. Ukisikia ngurumo, laza fimbo, rudi nchi kavu, hata ya mwanzi.

Kuhusu nguo nitasema haraka, kwa sababu hunisikilizi kwenye nguo tangu ukiwa na miaka sita. Acha jinzi nyumbani. Ikilowa inakunywa maji, inakuwa nzito, haikauki, na alfajiri ziwani ni baridi ya mita 1,460 juu ya bahari. Nenda kwenye chaguwa, nguo za mitumba, utafute suruali nyepesi ya nailoni na pulova ya sufu, sufu ikilowa bado inatunza joto. Mikono mirefu na kofia yenye ukingo, kwa sababu jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Buti za mpira… hapo najipinga mwenyewe. Marehemu baba yako alisema mvuvi hapandi mtumbwi na buti, ukianguka zinajaa maji na miguu haiogelei. Ni kweli. Lakini wewe uko Goma, na ufuko wenu ni mawe ya volkano yanayokata kama chupa. Basi vaa buti kwa kusukuma mtumbwi, zivue ukishakaa ndani. Au viatu vya kufunga kwa kamba. Sijui, amua.

Jile, ile fulana ya kuelea majini, siyo ya kuamua. Tangu boti ile ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, hapo Goma, Oktoba 2024, kila mtu anauza jile, na nyingine ndani ni sponji ya godoro. Ijaribu: iweke kwenye ndoo ya maji, juu weka jiwe, iache usiku kucha, asubuhi ikamue. Sponji ya ndani ikitoa maji, mrudishie mwenye duka. Halafu ivae, funga vifungo vyote, mwambie mtu akushike mabegani mwa jile avute juu. Ikipanda hadi masikioni ni kubwa kwako, itakuvuka ukiwa majini. Na mjukuu wangu, ukimchukua, yake iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo mkanda, mtoto anateleza chini, jile inabaki juu peke yake.

Sasa mtumbwi. Unakumbuka ule wa mjomba wako, wa buluu, uliokaa miaka mitatu umepinduliwa uani mkauchezea na binamu zako? Unajua ulikuwa mzuri. Mbao safi, mita 5, umezibwa kwa pamba na lami, misumari imepigwa vizuri. Alimaliza pesa zote kwenye mbao na rangi. Ikabaki kamba ya nanga. Akachukua mita 10, akasema sehemu ya kuvulia ina mita 8, inatosha, tena inabaki. Nanga haishiki hivyo. Kamba ikiwa fupi inavuta jiwe kwenda juu, ikiwa ndefu inalivuta kwa kulala, ndipo linashika. Kwa mita 8 za maji, kamba isiwe chini ya mita 24, na upepo ukiwapo 40. Ule ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusini ukaanza baada ya chakula cha mchana, jiwe likanyanyuka, na mtumbwi wa buluu ukaondoka kuelekea kisiwa cha Idjwi, mjomba wako na baba yako ndani yake, kafi moja. Wavuvi wa sambaza waliwakuta jioni wakienda kutega.

Mimi nilikuwa nimempimia ile kamba mwenyewe, kwa mikono, pale mezani. Nilijua ni fupi. Yeye ni kaka mkubwa, nikanyamaza. Hadi leo anasema ulikuwa upepo, na mimi hadi leo namwitikia kuwa ulikuwa upepo.

Kwa hiyo kata pesa ya kamba kabla ya pesa ya boti. Na kwa mawe yenu ya Goma usinunue nanga ya makucha, itakwama kwenye lava na hutaitoa. Jiwe la kilo 8 ndani ya wavu, limefungwa kwenye kamba kubwa kwa uzi mwembamba wa katani. Likikwama, vuta kwa nguvu, uzi unakatika, umepoteza jiwe tu.

Ya kupuliza? Haiwezekani Goma… hapana, inawezekana, ila utaishi na gundi mkononi: mawe chini, miiba ya kambale ndani. Na ukiipuliza ikajaa kabisa alfajiri kwa baridi, saa sita jua linapanua hewa na mishono inaachia. Ya plastiki haiozi, haina cha kuziba, lakini nyingi ni nyembamba, na mtu aliyeona video anataka kusimama kama wale Wamarekani. Wao boti yao ni pana na imelala kama meza. Wewe utavua umekaa. Ya mbao itakudai lami kila mwaka.

Yoyote utakayochukua, ipakie karibu na ufuko kwanza, watu wote na vitu vyote, upime kutoka maji hadi ukingo. Ikiwa chini ya sentimita 25, punguza mtu. Halafu chini ya viti funga bidoni, yaani madumu, tupu za lita 20, mbili mbele, mbili nyuma. Kila moja inainua karibu kilo 20, hivyo mtumbwi ukijaa maji bado utaelea na mtakuwa na cha kushikilia. Angalia vifuniko, kile kipira cha ndani kikikosekana bidoni inakunywa polepole na hutajua. Jua linazipasua, zibadilishe kila mwaka.

Neno la mazuku, hewa inayoua inayotoka ardhini, unalijua kuliko mimi, lakini nitaliandika. Ukisubiri kupambazuke, usikae wala usilale kwenye shimo au bonde la ufuko, hasa upande wa magharibi wa mji. Ile hewa ni nzito, inakaa chini usiku usipokuwa na upepo. Kaeni juu, mtumbwi uvuteni juu, na mbwa msimfunge chini.

Ulitaka nikuambie ipi. Nina jibu langu, limenikaa mdomoni tangu mstari wa kwanza, na sitalisema mpaka unijibu la samaki. Kama ni tilapia, na ni wewe na mtoto tu, ni boti moja. Kama ni kambale, usiku, na wale marafiki zako wawili wanene, ni nyingine kabisa.

Boti ya kesho inakuja na kifurushi chako. Kuna ndoano 30 za namba 8, 10 za 2/0, na kamba mita 40, nimeipima mwenyewe. Ndoano zimo kwenye kopo la maziwa, ndani ya kitambaa chenye mafuta ili zisipate kutu. Hesabu ukiwa mezani, usihesabu mtoto akiwa karibu.

Mama yako