Kwa nini tamthilia moja ya Kichina ina sehemu 58 kwako na 67 kwa mwenzako

Dada, umeuliza mambo matatu: kwa nini Princess Agents uliyowekewa kwenye flashi ina sehemu 58 wakati shoga yako anaapa kwamba ya kwake ina 67, kwa nini midomo ya waigizaji haiendani na maneno hata pale wanapoongea Kichina chao wenyewe, na kwa nini kuna matukio uliyaona kwenye trela halafu kwenye tamthilia hayapo. Wadau waliotangulia wote wamemtupia lawama muuza flashi. Muuza flashi wa watu hana kosa hapa. Mimi nilisoma Jinhua, mkoa wa Zhejiang, na Hengdian, pale zinapopigwa picha tamthilia nyingi za majumba ya wafalme, iko ndani ya eneo la Jinhua hiyo hiyo. Miaka yote ya chuo nilikuwa nazifuatilia usiku na marafiki zangu wa Kichina. Nivumilie nieleze kwa urefu, maana jambo lenyewe nalipenda.

Tuanze na hesabu. Princess Agents ilirushwa na Hunan TV mwaka 2017. Toleo la runinga lilifika sehemu 67, la DVD 58, na hadithi ni ile ile. Mtayarishaji anakabidhi kazi ikiwa imeshakatwa vipande vyake, lakini kituo nacho kina wahariri wake. Hao wanafupisha kila kipande, wanatanguliza marejeo ya jana, wanamalizia na vionjo vya kesho, halafu wanahamisha mahali pa kukatia ili sehemu iishe mtu akiwa na upanga shingoni. Ukitazama matoleo mawili kwa pamoja utaona sehemu ya kwanza na ya pili zinakaribiana, lakini ukifika katikati umeshapotea kabisa: sehemu yako ya 30 kwa mwenzako ni nyingine. Hunan TV wanajulikana sana kwa hilo. The Story of Minglan nayo, waliyoanza kuirusha mwishoni mwa 2018, ina sehemu 73 kwa hesabu moja na 78 kwa hesabu nyingine.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa maoni yangu ni pesa za matangazo. Tangu tarehe 1 Januari 2012 China imepiga marufuku kukatiza sehemu ya tamthilia katikati kwa tangazo la biashara. Tangazo likae kabla au baada. Sasa piga hesabu mwenyewe: mwenye sehemu nyingi ana mapengo mengi ya kuuza. Na watayarishaji nao walikuwa wakiuzia vituo kwa hesabu ya sehemu, kila sehemu na bei yake, kwa hiyo hata kwao urefu ulikuwa mali. Halafu kuanzia tarehe 1 Januari 2015 ikaja kanuni ya kwamba tamthilia moja irushwe na vituo viwili tu vya satelaiti katika muda wa jioni wenye watazamaji wengi, wakati mwanzo viliruhusiwa vinne, na kila kituo kisizidishe sehemu mbili kwa usiku mmoja. Wanunuzi wamepungua, gharama ziko pale pale. Mnaolalamika humu kwamba mtu anatazama mwezi dakika tatu akikumbuka mambo tuliyoyaona juzi tu, chanzo chake mnakipata hapo. Mashabiki wa kule wanasema tamthilia imetiwa maji, na wanalisema kwa hasira kweli kweli.

Serikali ikaingilia. Februari 2020 Mamlaka ya Taifa ya Redio na Televisheni ilitoa agizo kwamba tamthilia isizidi sehemu 40, na ikahimiza zisizozidi 30. Nia ilikuwa njema, ila angalia kilichotokea: kazi ndefu zikaanza kupasuliwa mbili. Lost You Forever ilitoka mwaka 2023 ikiwa na sehemu 39, mwaka uliofuata zikaja 23 na kuitwa msimu wa pili, ilhali ilipigwa picha kama kitu kimoja. Niliona watu humu wakishangaa msimu wa kwanza umeisha ghafla bila kufunga jambo lolote. Ulipasuliwa pale palipowezekana, basi. Aprili 2022 vikaja vipimo vingine ambavyo naviona vya maana zaidi: nyimbo na majina ya mwanzo yasizidi sekunde 90, ya mwisho yasizidi sekunde 180, na hadithi yenyewe isipungue dakika 41 kwa kila sehemu. Hapo ule mchezo wa kukatakata vipande vifupi ulibanwa. Ile sheria ya 40 ililegezwa Agosti 2025, kwa hiyo usishangae ukikuta ndefu zinarudi.

Sasa midomo. Hili nililiona kwa macho yangu Hengdian. Pale wamejenga Jumba la Kifalme la Beijing kwa ukubwa wake halisi, na mgeni unakata tiketi unaingia kutembea huku upigaji picha unaendelea upande wa pili wa kamba. Nilisimama nikatazama onyesho ambalo mke wa mfalme anamfukuza mjakazi wake. Nyuma ya ukuta mafundi wanapiga misumari kwenye jukwaa la tamthilia nyingine. Mwongozaji anapaza sauti kwenye kipaza sauti katikati ya onyesho lenyewe: geuka kushoto, taratibu, sasa machozi. Kijana mmoja amepiga magoti pembeni ya kamera ameshika feni ya umeme, anapeperusha mtandio wa yule mama. Na yule mama analia kweli, machozi yanamtoka, mbele ya kelele zote hizo. Hakuna aliyesema nyamazeni, kwa kuwa sauti ya pale haikuwa na kazi. Ingeingizwa baadaye studio.

Na mara nyingi anayeiingiza ni mtu mwingine kabisa. Yule Zhen Huan wa Empresses in the Palace, sura ni ya Sun Li, sauti ni ya Ji Guanlin. Kwenye The Untamed, maneno machache ya Lan Wangji unayoyasikia yametoka kinywani mwa Bian Jiang, siyo Wang Yibo. Hao watu wa sauti wana mashabiki wao, na kuna waliokuwa wakianza kutazama tamthilia kwa sababu ya jina la mtu wa sauti peke yake. Sababu za kufanya hivyo ni hizo kelele, ni ratiba za waigizaji, na ni lafudhi: mmoja katoka Taiwan, mwingine Hong Kong, mwingine kusini kabisa, na wote wanatakiwa wasikike kama ndugu waliolelewa kwenye kasri moja.

Ipo sababu ya nne, na hiyo ndiyo inayojibu swali lako hasa. Maneno yakikataliwa na wakaguzi wa serikali baada ya picha kupigwa, hakuna anayewarudisha waigizaji mia Hengdian. Wanabadilisha sauti tu. Rafiki yangu mmoja wa Sichuan alikuwa na jicho la hayo. Anasimamisha picha, anarudisha nyuma, ananiambia mdomo hapa umetaja jina la cheo kingine, tazama unavyofunga. Baada ya muda nikaanza kuona mwenyewe. Ukiona mtu amegeuzwa mgongo ghafla wakati anasema jambo zito, kuna uwezekano mkubwa maneno hayo yameingizwa baadaye.

Kwa sisi huku hili si geni. Mwaka 2011 TBC ilirusha ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na wengi wetu ndiyo iliyotufungulia mlango. Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. StarTimes baadaye wakafanya mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na washindi wakaenda kufanya kazi hiyo Beijing. Nawaheshimu sana wale vijana. Kumfanya mama mkwe wa Kichina agombe mpaka mama zetu sebuleni wamjibu, hiyo ni kazi ya sanaa kamili.

Turudi kwenye matukio yaliyopotea. Tamthilia ikishakamilika hairushwi mpaka ipate kibali cha kusambazwa, na tangu Juni 2022 hata zile za mtandaoni zinaonyesha namba ya kibali chake mwanzoni. Trela hutengenezwa mapema ili watu waanze kuisubiri. Kati ya trela na kibali ndipo vitu vinapotoka. Wakati mwingine hata kibali kikishapatikana bado. The Empress of China, ile ambayo mwigizaji Fan Bingbing anacheza kama Wu Zetian, mtawala mwanamke wa China ya kale, ilianza Hunan TV tarehe 21 Desemba 2014, ikasimamishwa tarehe 28 kwa kilichoitwa sababu za kiufundi, ikarudi tarehe 1 Januari 2015 ikiwa nyingine. Magauni ya enzi za Tang yalikuwa wazi kifuani, kwa hiyo kila picha yenye gauni lile ilivutwa karibu mpaka ikabaki sura. Pale ulipokuwa unaona mwanamke kuanzia kiunoni, nyuma yake ukumbi na mishumaa, sasa ni uso mtupu umejaa kioo. Watu walijaza Weibo, mtandao wa kijamii wa Wachina, picha za kabla na baada. Mimi naumia ninapoifikiria ile kazi ya mbunifu wa mavazi: mishono yote ile, shanga zile, imeishia nje ya fremu.

Fan Bingbing huyo huyo mwaka 2018 aliamriwa kulipa zaidi ya yuan milioni 880 za kodi na faini, na tamthilia yake nyingine iliyokuwa imeshapigwa picha yote haikutoka kama ilivyopangwa. Mwigizaji mkuu akiingia matatani, kazi ya mamia ya watu inabaki kwenye makabati, au wahariri wanakesha wakimpunguza picha moja moja, na siku hizi kuna wanaobadilishiwa sura kwa kompyuta. Ukiona mhusika anaongea na mtu asiyeonekana sura tangu mwanzo mpaka mwisho, usiseme mwongozaji hajui kazi.

Kuhusu The Untamed ambayo umeitaja kwa mbali: riwaya yake ni ya mapenzi ya wanaume wawili, na kwenye tamthilia ya 2019 ikabidi iwe urafiki. Sehemu 50. Wahariri na waigizaji wakabeba yote kwa macho, kwa ukimya, kwa filimbi na kinanda cha nyuzi. Baadaye likatolewa toleo maalumu la sehemu 20 linalowafuata hao wawili zaidi. Kama unataka kujifunza uhariri ni nini, tazama yote mawili. Kwangu lile refu ni bora, kwa sababu huzuni ya wale wawili inahitaji familia zile zote nyuma yake.

Mashabiki wa kule hawakai kimya wakasubiri kulishwa. Unatazama, na maoni ya watu yanapita juu ya picha kama umati, kulia kwenda kushoto. Anayejua mbele kuna kifo anakuonya ujiandae. Kwenye onyesho zito kioo kinajaa maandishi mpaka waigizaji hawaonekani, na watu wanakataa kuyazima kwa sababu wanalia pamoja. iQiyi, jukwaa la kutazamia tamthilia mtandaoni, wana kitufe cha kutazama matukio ya mwigizaji mmoja tu, wengine wote wanarukwa. Mashabiki wakahesabu dakika za mtu wao, wakagombania jina lake litangulie kwenye bango, na mhariri anayajua hayo yote anapokaa kukata.

Pesa ndiyo iliyowaunganisha kabisa. The Untamed ilipokaribia mwisho, wenye haraka waliuziwa sehemu za mwisho kwa yuan 30 juu ya ada waliyokwisha kulipa. Desemba mwaka huo huo wa 2019 tamthilia ya Joy of Life ikafanya vivyo hivyo kwa yuan 50, mtazamaji mmoja ambaye ni mwanasheria akaishtaki iQiyi, na mwaka 2020 mahakama ya Beijing ikampa haki. Oktoba 2021 majukwaa makubwa matatu yakatangaza kuuacha mtindo huo. Mtu mmoja aliyeona ameonewa kwa sehemu sita za tamthilia akaenda mahakamani akashinda, na kesi hiyo tulikuwa tukiijadili bwenini usiku kucha.

Kwa kutazama, ushauri wangu: ukipata toleo la DVD, chukua hilo, mtiririko wake ni wa mtengenezaji. Usichanganye sehemu za toleo moja na za jingine hata kama namba zinafuatana, utaruka matukio au utayarudia. Angalia pia urefu wa kila faili. Zikiwa za dakika 45 hivi uko salama, zikiwa fupi sana na marejeo mengi hiyo ni ya runinga.

Na hilo uliloandika chini kabisa, kwamba Princess Agents yako imeishia mhusika mkuu wa kiume, Yuwen Yue, anazama kwenye ziwa la barafu na yule wa kike, Chu Qiao, hujui yatamfika nini, kwa hiyo unadhani umekatiwa: hujakatiwa. Ya shoga yako yenye 67 inaishia pale pale. Waigizaji wale wale hawakurudi kuimalizia, na anayetaka kujua yaliyofuata anaweza kuisoma riwaya.