Wanalamba jiwe la chumvi, mbona bado wamekonda?

SWALI: Daktari, tangu nyasi zilipoisha ng'ombe wangu wanakula mabua makavu ya mahindi. Matumbo yamejaa lakini mbavu zinahesabika, kinyesi ni kigumu, tena kimerundikana tabaka juu ya tabaka. Mmoja ameanza kutafuna mifupa. Nimewawekea jiwe jekundu la kulamba, sioni mabadiliko. Niongeze la pili? Jirani ananishauri niwachanganyie magadi soda. Kondoo nao wanalamba jiwe hilohilo.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue jiwe la pili. Kinyesi hicho kinatosha kuniambia kwamba matumbo hayo yamejaa chakula kisichomeng'enyeka, kwa sababu wanaokimeng'enya wana njaa.

Nasema bakteria na vijidudu wengine wa tumbo kuu. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi za bua. Wao ndio humvunjia, na hitaji lao la kwanza ni naitrojeni, ambayo huipata kwenye protini. Protini ya chakula ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, kama ilivyo kwa mabua mengi, vijidudu huzaliana polepole, mabua hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hukonda huku akionekana ameshiba. Hakuna madini yanayoziba pengo hilo. Wape mashudu au majani ya mikunde kila siku, hata kama ni kidogo. Urea, ambayo nayo huwapa naitrojeni, sikushauri bila mtaalamu kusimama hapo, maana ikizidi huua haraka sana.

Wakishapata protini, ndipo madini yatakapofanya kazi. Bakteria huhitaji salfa ili kujenga protini zao, takriban sehemu 1 kwa kila sehemu 10 za naitrojeni. Kobalti nayo bakteria huitumia kutengeneza vitamini B12, ambayo haimo kwenye majani. Ng'ombe akiikosa vitamini hiyo, ini lake hushindwa kutengeneza sukari ya kutosha kutokana na asidi zinazotoka tumboni. Kobalti inayotakiwa ni miligramu 0.1 hadi 0.2 tu kwa kilo ya chakula kikavu, lakini isipokuwepo mnyama hudhoofu kabisa.

Huyo mtafuna mifupa ananitia wasiwasi zaidi. Dalili hiyo mara nyingi ni upungufu wa fosforasi. Okota mifupa yote leo, maana mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, inayolegeza misuli hadi mnyama ashindwe hata kumeza.

Sasa geuza jiwe lako usome lebo. Mengi ya aina hiyo ni chumvi kwa zaidi ya asilimia 90, na wekundu wake ni chuma, kitu ambacho malisho kwa kawaida yanacho cha kutosha. Tafuta unga wa madini wenye fosforasi (lebo huandika daikalsiamu fosfeti), salfa, kobalti, shaba na zinki, uuchanganye na mashudu kwa kipimo kilichoandikwa. Usizidishe: salfa nyingi humzuia ng'ombe kupata shaba.

Magadi soda achana nayo. Hiyo ni ya ng'ombe anayelishwa nafaka nyingi hadi tumbo kuwa na asidi kali. Wako wanacheua mabua kutwa, na mate yao, ambayo kwa ng'ombe mkubwa hupita lita 100 kwa siku, yana magadi ya kutosha.

Kondoo watenge kabla hujafungua mfuko huo wa madini. Kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe hujilimbikiza kwenye ini la kondoo na kinaweza kumuua, kwa hiyo watafutie madini yaliyoandikwa kwamba ni ya kondoo.