Tembea Mlima kwa Miguu Kabla ya Kuupanda kwa Gari

Shelsley Walsh iko Worcestershire, Uingereza. Ni barabara nyembamba ya lami inayopanda kilima chenye miti, urefu wake yadi 1,000, yaani mita 914. Tangu Agosti 1905 watu wanashindana kuipanda kwa gari, mmoja mmoja, muda wao ukipimwa kwa saa. Mimi naipanda kwa gari lile lile linalonipeleka kazini, na kwa kuwa ndugu zangu tunaoishi huku mmekuwa mkiniuliza nilianzaje, leo naandika.

Kwanza piga hesabu. Siku nzima unapanda mara mbili kwa mazoezi na mara mbili kwa mashindano. Gari la kawaida linatumia kama sekunde 40 kila safari. Umeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya dakika tatu kasoro za kuendesha! Ukiharibu kona moja, huna pa kuifidia; safari hiyo imekwisha.

Kwa hiyo fika mapema, acha gari, panda kwa miguu. Usipande na kundi la watu wanaopiga soga. Panda peke yako, na kwenye kona chuchumaa mpaka macho yawe usawa wa usukani wako, maana ukisimama wima unaona kona ambayo dereva haioni. Mara yangu ya kwanza nilichuchumaa kabla ya zile kona mbili zinazofuatana, kushoto kisha kulia, ambazo ndizo roho ya mlima ule. Chini ya miti lami ilikuwa bado na unyevu, na kulikuwa na mstari mweusi wa maji, mwembamba kama mkanda, ukikatiza pale pale nilipokuwa nimepanga kufunga breki. Jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi. Kwenye gari nisingeuona hata kidogo. Nikasogeza mahali pangu pa kufunga breki nyuma hatua kumi, nikachagua mti wenye shina lililopinda uwe alama yangu.

Nenda na gari ulilo nalo. Wengi wanaanza kwa kununua nguvu za injini, na naamini hilo ni kosa. Fedha yako ya kwanza iende kwenye tairi nzuri, breki nzima, ovaroli isiyoshika moto na helmeti. Helmeti ya mtumba usiinunue kabla hujaangalia lebo ya viwango, kwa sababu viwango vya zamani havikubaliki tena. Utahitaji pia leseni ya Motorsport UK, chama kinachosimamia mashindano ya magari Uingereza, na uanachama wa klabu iliyoalikwa kwenye mashindano hayo; hayo ni makaratasi, yanakwisha mtandaoni.

Ukaguzi wa gari usiuchukulie mzaha. Mimi mkaguzi alifungua boneti, akashika betri kwa mkono mmoja, akaitikisa. Ikacheza. Nikapoteza safari ya kwanza ya mazoezi nikitafuta spana namba 10 ya kukazia kishikio chake. Siku hizi usiku wa kuamkia mashindano natikisa kila kitu kwa mkono wangu, natoa jeki, tairi la akiba, mazulia ya sakafuni, hata sarafu zilizo mlangoni. Kitu kikibingirika hadi chini ya pedali ya breki, huna tena breki.

Kwenye mstari, msimamizi ataweka kabari nyuma ya tairi ili gari lisirudi. Taa ya kijani ikiwaka, usikurupuke. Saa haianzi na taa. Inaanza gari lako linapokata mwali wa mwanga mbele yako. Vuta pumzi, achia klachi taratibu, ondoka. Na kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, kumbuka kwamba mteremko unarudisha uzito nyuma: ukikanyaga mafuta usukani ukiwa bado umekunjwa, tairi la ndani linazunguka bure. Subiri usukani unyooke. Hilo peke yake lilinipunguzia zaidi ya sekunde.

Safari yangu ya mwisho siku ile ilikuwa sekunde 41.6. Mwaka 1930 dereva Mjerumani Hans Stuck aliweka rekodi ya mlima huo kwa sekunde 42.8, kwa gari la mashindano la Austro-Daimler. Niliisoma karatasi ya muda wangu mara tatu nikimfikiria yeye, na tairi zile nyembamba za wakati wake.

Juu mnasubiri kundi likamilike, kisha mnashuka pamoja polepole kwa barabara ile ile. Wengi hapo wanapungia watazamaji. Wewe fungua dirisha, utazame lami: kwenye kona ya kulia utaiona alama ya tairi lako mwenyewe, na utajua ulipaswa kupita nusu mita ndani zaidi.